Kila mmoja tunamwita "wa kwanza"

Nimekuwa kimya siku kadhaa kwa sababu nilipata likizo fupi, nikapanda basi kwenda nyumbani Tosamaganga. Nimerudi na deni, na ninalilipa leo hapa hapa.

Tosamaganga iko kilomita kumi na tano hivi kutoka Iringa mjini, kilimani, jirani na Kalenga. Wengi wanaijua kwa misheni, hospitali na ile shule ya wavulana. Jina lenyewe ni la Kihehe: kutosa ni kurusha, maganga ni mawe. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walipoipiga kwa mizinga ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, watu ambao hawakuwahi kuona mzinga walisema wageni wale wanarusha mawe. Basi jina likabaki.

Sasa nieleze deni. Jioni moja nilimkuta mpwa wangu, msichana wa kidato cha pili, amekaa mbele ya runinga anaangalia sizoni ya Kikorea. Alikuwa amejaziwa kwenye flashi pale mjini, imetafsiriwa Kiswahili na mmoja wa wale majamaa wanaoongea juu ya sauti za waigizaji, kazi ambayo marehemu Lufufu aliifanyia jina kubwa enzi za vibanda umiza. Mpwa wangu anawajua wafalme na majenerali wa Kikorea kwa majina. Kipindi kilipokwisha na maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, akaniuliza:

"Mjomba, hizi sizoni kuna wanawake wanaozitengeneza? Sisemi kuigiza. Nasema kutengeneza."

Nikamwambia wapo, tena wengi wa wanaoziandika ni wanawake. Ile Jewel in the Palace ya mwaka 2003, iliyozunguka dunia nzima, iliandikwa na mwanamke, Kim Young-hyun.

"Na kwetu?"

Hapo nikavimba kichwa. Nikamwambia kwetu pia wapo, na kwamba mimi mwenyewe niliandika gazetini habari ya dada mmoja kijana, mmoja wa wanawake wa kwanza nchini kuongoza filamu. Nikatoa simu nikamwonyesha habari yenyewe, jina langu juu.

Nyumbani alikuwepo pia jirani yetu, mwalimu mstaafu, amekuja kumjulia hali mama. Akaomba asomewe. Nilipomaliza akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, wa kwanza kwa hesabu ya nani? Mimi miaka ya tisini nilikwenda semina ya akina mama Dar, tukaonyeshwa filamu ya wanawake wanaoponda kokoto. Tuliambiwa aliyeitengeneza ni mwanamke, Mtanzania. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Nikanywea. Jina la filamu hakulikumbuka, lakini alikumbuka mikono. Alisema hajaisahau ile mikono.

Usiku ule sikulala mapema. Nilianza kutafuta, na nilichokipata ndicho ninachowaletea.

Filamu aliyoiona mama mwalimu inaitwa These Hands, yaani Mikono Hii, ya mwaka 1992. Aliyeiongoza ni Flora M'mbugu-Schelling. Ina dakika 45 hivi. Inawaonyesha wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda mawe kwa nyundo kwenye machimbo nje kidogo ya Dar es Salaam, ili kokoto zikajenge nyumba za wengine. Hakuna msimulizi anayekuambia uwaonee huruma. Unasikia nyundo, unasikia mawe, unasikia watoto, na wakati fulani akina mama wanaimba na kucheza. Kamera inakaa, inasubiri, inatazama kazi kama kazi ilivyo. Miaka mitano kabla, mwaka 1987, mama huyu alikuwa ametengeneza filamu nyingine, Kumekucha, kuhusu wanawake wa Tanzania na siku yao ya kazi inayoanza na jua.

Nimesoma chuo kikuu, nimekaa miaka mitatu nikifundishwa uandishi. Jina hilo sikuwahi kulisikia darasani. Nimelipata mtandaoni, kwenye orodha ya msambazaji wa Marekani, California Newsreel, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivipatia vyuo vya huko filamu za Afrika. Yaani mwanafunzi wa California alikuwa na nafasi kubwa ya kuwaona akina mama wa machimbo ya Dar kuliko mwanafunzi wa Iringa.

Ili uelewe uzito wa alichofanya Flora, kumbuka filamu ilikuwaje hapa nchini wakati huo. Serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, mwaka 1968. Mwaka 1976 ikaja sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, ambayo ilitaka kibali kabla hujapiga picha na kabla hujaonyesha. Kamera zilikuwa za kuhesabika. Filamu yenyewe ilikuwa utepe wa selulosi unaonunuliwa kwa fedha za kigeni, na ukishapiga picha unahitaji maabara ya kuusafisha. Runinga Bara hatukuwa nayo mpaka mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1974. Kwa hiyo mtu aliyetaka kutengeneza filamu miaka ya 1980 alihitaji serikali, au mfadhili wa nje, au vyote viwili. Hata wanaume walioweza walikuwa wachache.

Lakini wanawake walikuwepo. Mtazame Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yumo katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Yumo pia katika Maangamizi ya mwaka 2001, filamu ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Kwa miaka mingi yeye na mwenzake Penina Muhando walikwenda vijijini na sanaa za maonyesho, wakiwaachia wanakijiji wenyewe waigize matatizo yao. Ukiwauliza vijana wa Bongo muvi walimu wa walimu wao ni nani, wengi wataishia hapo hapo bila kujua.

Tuvuke mpaka twende Kenya. Mwaka huo huo wa 1992 ambao Flora alitoa Mikono Hii, Anne Mungai alitoa Saikati. Ni hadithi ya binti wa Kimasai anayetaka kusoma awe daktari, huku nyumbani ameshapangiwa kuolewa na mtoto wa chifu. Anakimbilia Nairobi na binamu yake, na huko anagundua kwamba kazi ya binamu siyo ile aliyoambiwa. Saikati huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya hadithi ya kwanza kuongozwa na mwanamke Mkenya. Mwaka 1995 akaja Wanjiru Kinyanjui, aliyesomea filamu Berlin, na The Battle of the Sacred Tree: mwanamke anamwacha mume anayempiga, anarudi kijijini kwao, anakuta kikundi cha akina mama wa kanisa wanataka kuukata mgumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu. Mwaka 2002 Judy Kibinge, aliyeacha kazi nzuri kwenye kampuni ya matangazo, akatoa Dangerous Affair. Baadaye akaanzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa dokumentari Afrika Mashariki.

Halafu Wanuri Kahiu. Mwaka 2008 alitoa From a Whisper, iliyotokana na mlipuko wa bomu katika ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka 1998, na mwaka uliofuata akapata tuzo ya mwongozaji bora kwenye tuzo za filamu za Afrika, AMAA. Mwaka 2018 filamu yake Rafiki ikawa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes. Nyumbani ikapigwa marufuku kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili, mpaka mahakama ilipoifungulia kwa siku saba tu Septemba mwaka huo. Chochote unachofikiri kuhusu filamu ile, fikiria hali ya mwongozaji: dunia inakupigia makofi, nyumbani unapewa siku saba.

Ona jambo moja katika orodha hii ya Kenya. Mungai, Kinyanjui, Kibinge, Kahiu: kila mmoja ana mwenzake aliyemtangulia, na unaweza kuwataja kama unavyotaja ukoo. Tanzania mnyororo wetu umekatika. Kutoka Mikono Hii ya mwaka 1992 tunaruka miaka karibu ishirini bila jina linalotujia mdomoni. Je, ni kweli kulikuwa na utupu? Au ni kumbukumbu yetu iliyo tupu?

Nilidhani hilo ni tatizo letu peke yetu, maskini na wasahaulifu. Lakini kwa kuwa mambo yote yalianza na sizoni ya Kikorea, nikaamua kuangalia na huko. Nikakutana na Park Nam-ok.

Huyu mama alizaliwa mwaka 1923. Mwaka 1955, miaka miwili tu baada ya vita vya Korea kusimama, aliongoza filamu iitwayo The Widow, yaani Mjane. Fedha zilitoka kwa dada yake. Alipiga picha huku mtoto wake mchanga yuko mgongoni, na muda wa chakula alikuwa anawapikia mafundi wake mwenyewe. Filamu ikaonyeshwa siku chache ikatolewa. Hakuongoza nyingine tena. Sehemu ya mwisho ya filamu yenyewe imepotea, hivyo anayeitazama leo hajui kwa macho yake hadithi iliishaje. Mwanamke wa pili kuongoza filamu kule, Hong Eun-won, alitoa A Woman Judge mwaka 1962, na filamu hiyo ilihesabiwa kuwa imepotea kwa miongo mingi kabla ya nakala kupatikana.

Mwaka 1997 wanawake wa Seoul walianzisha tamasha lao la filamu. Na filamu waliyoitoa kabatini kuionyesha ilikuwa Mjane ya Park Nam-ok, baada ya miaka zaidi ya 40. Miaka miwili kabla, Byun Young-joo alikuwa ametoa The Murmuring, dokumentari ya wanawake wazee waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani wakati wa vita kuu ya pili. Nilipoisoma habari yake nilimkumbuka Flora. Wanawake wawili, nchi mbili zisizofahamiana, miaka ile ile ya tisini, kila mmoja amekaa na kamera yake mbele ya wanawake ambao hakuna aliyetaka kuwatazama.

Tofauti ni kilichotokea baadaye. Wakorea walimrudisha Park. Akafa mwaka 2017 jina lake likiwa limeshaingia kwenye historia ya nchi yake. Sisi bado.

Turudi Iringa sasa, maana kuna sehemu ya habari hii inayotuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Mwaka 2011 Seko Shamte alitoa Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa, filamu inayochanganya dokumentari na maigizo kuhusu Mtwa wetu. Lugalo mwaka 1891, Kalenga kuanguka mwaka 1894, Mkwawa kujipiga risasi mwaka 1898, fuvu kupelekwa Ujerumani. Hayo yote sisi tumeyanyonya na maziwa ya mama. Wahehe tuna methali na majigambo ya vita, na vyote ni vya wanaume. Aliyeyaweka kwenye filamu ni mwanamke.

Siku ya pili ya likizo nilishuka Kalenga na mpwa wangu, tukaenda makumbusho. Njiani niliwauliza vijana watatu wa bodaboda kama wanajua kuna filamu ya Mkwawa. Wawili walisema wameisikia. Nikawauliza nani aliitengeneza. Mmoja akasema, "Si Wazungu?" Mwingine akasema labda serikali. Nilipowaambia ni dada wa Kitanzania, yule wa kwanza akasema, "Acha masihara, kaka."

Seko Shamte hakuishia hapo. Mwaka 2015 alitoa Homecoming, ya kijana anayerudi kutoka ng'ambo akitaka kuishi kwa uaminifu katika nchi yenye rushwa. Mwaka 2021 akaongoza Binti, iliyotayarishwa na kampuni ya ndugu wawili, Angela na Alinda Ruhinda. Ni hadithi nne za wanawake wa Dar es Salaam, na ikawa filamu ya kwanza ya Kitanzania kuingia Netflix. Hapo magazeti yote, na letu likiwemo, yakaandika "ya kwanza, ya kwanza". Kwa Netflix ni kweli. Ila msomaji aliyefunga gazeti alibaki akidhani kwamba kabla ya hapo mwanamke wa Tanzania hakuwahi kushika kamera.

Na enzi za Bongo muvi kati ya miaka hiyo? Chukua kampuni ya RJ, iliyotoa filamu nyingi kwelikweli. R ni Ray, Vincent Kigosi. J ni Johari, Blandina Chagula. Herufi moja kati ya mbili ni ya mwanamke, imeandikwa kwenye kila kasha la filamu zao, lakini muulize mtu Johari ni nani, atakuambia ni mwigizaji. Biashara ilikuwa ya sura. Msambazaji alinunua masta, akachapa kasha lenye nyuso za mastaa, jina la mwongozaji likawekwa chini kwa herufi za sisimizi. Waliokuwa wanaandika miswada, wanaotafuta fedha, wanaohariri usiku kucha, tuliwaacha humo humo kwenye zile herufi ndogo. Na sisi waandishi tulipokwenda kuwahoji wanawake wa filamu, tuliwauliza wanatoka na nani.

Sasa mtu atasema, kijana, kosa liko wapi kumwita mtu wa kwanza? Si ni sifa?

Nami nilidhani hivyo. Ila jaribu kukaa upande wa yule dada niliyemwandika. Akiwa wa kwanza, maana yake hana wa kumuuliza. Hajui Flora alipataje ruhusa ya kukaa na akina mama machimboni mpaka wakasahau kamera ipo. Akienda kuomba fedha, anatazamwa kama kioja, na kioja hupewa pole na picha ya pamoja. Akishindwa, watasema "mnaona, wanawake hawawezi", kwa kuwa hakuna mwingine wa kumlinganisha naye. Na baada ya miaka kumi atakuja mwandishi mwingine kama mimi, hajasoma, atamwandika dada mwingine kuwa wa kwanza, na huyu wa leo atakuwa amefutwa. Kila mmoja anaanza na moja. Hesabu haifiki mbili.

Ndani ya makumbusho ya Kalenga kuna lile fuvu. Mpwa wangu alilitazama kwa muda mrefu. Wajerumani walilichukua. Mwaka 1919 likaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles kwamba lirudishwe. Likarudi mwaka 1954, Gavana Twining alipolileta. Miaka 56 baada ya kifo cha mwenyewe. Babu zetu hawakusema "yameshapita". Waliendelea kudai.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba filamu siyo fuvu, na Flora hakuporwa na mtu. Lakini sisi wa huku tunajua vizuri maana ya kitu chako kukaa kwenye kabati la mtu mwingine. Utepe na kaseti havisubiri miaka 56. Vinaoza, vinaota ukungu, mashine za kuvichezesha zinaisha. Park Nam-ok alipoteza mwisho wa filamu yake ndani ya miaka 42.

Kinachotakiwa wala siyo kikubwa. Vyuo vyetu vinavyofundisha filamu na uandishi viwe na nakala ya Kumekucha na Mikono Hii, halali, zilizolipiwa. Tamasha la Nchi za Jahazi kule Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, litenge jioni moja ya filamu za zamani za wanawake wa pwani na bara. Na sisi waandishi, kabla ya kuandika neno "wa kwanza", tupige simu tatu. Moja kati ya hizo apigiwe mwalimu mstaafu.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa mama mwalimu kumuaga. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia nimeipata ile filamu, na jina la aliyeitengeneza. Akalirudia mara mbili, polepole, kama anayemwita mwanafunzi aliyekuwa mtoro. Halafu akaniuliza, "Na lile gazeti lako?"

Nimeshamwandikia mhariri masahihisho. Ni mistari minne. Anasema nafasi ikipatikana atayatoa. Wakati tunasubiri nafasi, nimeyaandika hapa.

Mpwa wangu naye ameandika majina yote nyuma ya daftari la historia, ameanza na Flora. Nilipochungulia niliona ameyapa namba. Chini kabisa ameacha namba moja wazi.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.